Maswali ya Wasomaji: Gari la Rimoti la Mbio, Kutoka Mezani Hadi Uwanjani

Safu ya leo ni ya magari ya rimoti ya kipimo cha 1/10 yanayokimbia kwenye lami na kwenye zulia: yale yenye upana wa milimita 190, yanayotumia betri na kuvuta kwa magurudumu yote manne. Barua tumezifupisha. Majibu hatukuyafupisha pale ambapo mtu angeharibu kifaa kwa kukosa neno moja.

Wakuu, habari za kazi. Nimenunua gari la mkono wa pili, ambalo mota yake huzungusha magurudumu kwa mikanda, chasisi ya kaboni. Kona za kulia linakata vizuri, lakini za kushoto linatupa mkia hata nikibonyeza gesi kidogo tu. Nimebadilisha springi za nyuma mara mbili, laini kisha ngumu, na tabia ni ile ile. Nibadilishe nini tena? (Msomaji, Nairobi)

Usibadilishe kitu kwanza. Rudisha springi zilizokuja na gari. Springi mbili za aina moja zikikaa kushoto na kulia, huathiri kona zote mbili sawasawa. Gari linalofanya hivi kushoto na vile kulia limesokotwa: magurudumu mawili yanayotazamana kwa mshazari yanabeba uzito kuliko mawili mengine. Hilo hutibiwa juu ya kioo, na fundi wa madirisha atakukatia kipande kinene kinachotosha gari zima kukaa juu yake.

Toa betri, shokapu zote nne na viungo vya stabilaiza (ufito unaounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale sana konani), mbele na nyuma. Legeza skrubu zote za deki ya juu, yaani bamba la juu la chasisi, bila kuzing'oa, weka chasisi juu ya kioo, ikandamize kwa viganja, kisha kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana, ukianzia zile za katikati. Hapa ndipo magari mengi ya mkono wa pili yanapoumwa. Gari likigonga ubao, kaboni hujipinda na kurudi, lakini skrubu huwa zimeteleza ndani ya matundu yake na kuifunga chasisi ikiwa bado imepinda. Kwa macho huoni kitu. Bonyeza pembe moja baada ya nyingine: chasisi isipotikisika juu ya kioo, endelea.

Sasa inua kila mkono wa chini, ule unaoshikilia gurudumu, kwa kidole, kisha uuachie. Lazima uanguke kwa uzito wake wenyewe. Mkono unaosita una pini iliyopinda, mchanga tunduni, au kiungo cha plastiki kinachobana mpira wake. Viringisha pini juu ya kioo. Ikiruka-ruka, itupe, usijaribu kuinyoosha. Tundu linalobana hupanuliwa kwa rima (kifaa cha kupanua tundu) ya kuzungushwa kwa mkono, yenye kipimo cha pini, wala si kwa drili, maana drili hula plastiki upande mmoja na mkono unaanza kucheza.

Zifuate shokapu. Zinyooshe na upime kwa venia kalipa kutoka kitovu cha kiungo cha juu hadi cha chini. Tofauti ya kushoto na kulia isizidi milimita 0.1. Kama mafuta yana umri usiojulikana, yamwage. Jaza mapya, pandisha na ushushe pistoni polepole ikiwa imezama, kisha iache shokapu wima dakika 10 ili viputo vipande juu, ndipo ufunge kifuniko. Ukisukuma ufito ndani na kuuachia, kasi na umbali wa kurudi viwe sawa kwa jozi. Moja ikirudi yote na mwenzake ikirudi nusu, gari limesokotwa tena hata kama chasisi imenyooka.

Rudisha shokapu, betri na transponda (kifaa cha kuhesabu mizunguko ya uwanja), ila stabilaiza ziache zikiwa zimefunguliwa. Pima mshuko, yaani umbali ambao chasisi inapanda kabla tairi halijaachana na meza. Karibu milimita 2 ni mwanzo mzuri mbele na nyuma, lakini kushoto na kulia viwe sawa kabisa. Hurekebishwa kwa skrubu ndogo iliyo kwenye mkono wa chini. Kisha kimo cha chasisi: milimita 5.2 kwa lami laini, 5.5 kama lami ina mawimbi. Halafu uzito wa kushoto na kulia: simamisha gari juu ya ncha mbili zilizo kwenye mstari wa katikati, na upande ulio mwepesi ubandike vipande vya risasi vya gramu 5 hadi gari litulie.

Mwisho ndio mtihani wenyewe. Ingiza ubapa wa kisu katikati kabisa ya pua ya chasisi na uinue polepole. Matairi ya mbele yaachane na kioo kwa pamoja. Kwa dalili ulizotueleza, tunatarajia la mbele kulia litangulie. Wengi hukimbilia shokapu ya mbele, kosa hilo. Pua ikiwa imeinuliwa, mlalo wa gari unaamuliwa na springi za nyuma, na tairi linalotangulia linaonyesha upande ambao springi ya nyuma imekazwa mno. Legeza kola (pete ya shokapu inayokaza springi) ya nyuma kulia robo mzunguko na kaza ya nyuma kushoto robo mzunguko, ili kimo kisibadilike. Rudia hadi matairi yainuke pamoja, kisha inua nyuma na ufanye vivyo hivyo kwa kola za mbele.

Unganisha stabilaiza ya nyuma na upime tena. Kama mtihani ulipita bila stabilaiza na sasa haupiti, kosa ni urefu wa viungo vyake. Ongeza au punguza kiungo kimoja nusu mzunguko, usiguse springi. Kisha ya mbele.

Jambo moja limebaki: pima usukani. Geuza kushoto hadi mwisho, kisha kulia, na ulinganishe pembe ya magurudumu. Kama kushoto yanageuka zaidi, punguza mwisho wa sevo (mota ndogo ya usukani) wa upande huo kwenye rimoti. Gari linalogeuka zaidi upande mmoja hufanana sana na gari lililosokotwa.

Mafundi, nakimbiza ukumbini kwenye zulia wakati wa baridi. Kipindi cha kwanza gari ni tamu. Kufikia cha tatu, zulia likishakolea dawa ya matairi tunayopaka ili yashike, gari linabinuka katikati ya kona ya kasi. Nimeweka springi ngumu mbele na bado. (Msomaji, Leicester)

Kubinuka kwa mshiko mwingi huanzia tairi la mbele la nje. Linashika zulia kwa ubavu wake, halitelezi hata kidogo, na mwili wa gari unalivuka juu. Springi ngumu inapunguza kuyumba lakini haipunguzi mshiko wa ubavu, ndiyo maana hujaona nafuu.

Dawa ya uhakika ni supaglu. Safisha ubavu wa nje wa matairi mawili ya mbele kwa kisafishio cha breki, uyakaushe. Pakaa supaglu nyepesi kwa tabaka jembamba, ukianzia ukingo wa rimu na kupanda hadi pale ubavu unapokutana na uso wa kukanyagia, bila kuvuka. Zungusha tairi huku ukisambaza kwa kipande cha mfuko wa plastiki kilichovishwa kidoleni. Subiri ikauke, ongeza tabaka la pili, na ufanye kazi hii penye hewa, kwa sababu mvuke wake unachoma macho. Ubavu ukishakuwa mgumu, tairi litateleza kidogo badala ya kung'ang'ania. Tabaka hilo husuguka, kwa hiyo likague kila baada ya mbio mbili.

Punguza pia dawa ya mbele. Badala ya kupaka upana wote, paka nusu ya ndani tu, na uifute dakika chache kabla ya kukimbia. Nyuma paka upana wote kama kawaida.

Kwenye gari lenyewe, shusha kimo hadi kiwango cha chini ambacho kanuni za uwanja wenu zinaruhusu. Mara nyingi ni milimita 5.0. Punguza mshuko wa mbele nusu milimita: upande wa ndani ukikosa nafasi ya kuinuka, gari halipati mwanzo wa kubinuka. Mlalo wa matairi ya mbele, yaani jinsi vilele vyake vinavyoinamia ndani, kama ni digrii 2, rudisha hadi 1.5 au 1. Kisha toa shimu (washa nyembamba) ya milimita 0.5 au 1 chini ya mpira wa ndani wa kiungo cha juu cha mbele. Hiyo hupandisha kitovu cha kuyumba, na gari huyumba kidogo kwa mshiko ule ule. Vyote hivyo usivifanye kwa wakati mmoja. Anza na supaglu peke yake, kimbiza, ndipo uamue.

Na springi zako ngumu zirudishe sandukuni. Zulia likiwa bado halijakolea, asubuhi, ndizo zitakazokufanya ulalamike kwamba gari halikati kona.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, nina Tamiya TT-02 mpya yenye mota ya kopo iliyokuja nayo. Tunakimbiza kwenye maegesho ya lami siku za Jumapili. Fedha ni kidogo. Ninunue mota kali kwanza? (Msomaji, Dar es Salaam)

Marahaba. Hapana, mota iache. TT-02 inatoka kiwandani na pinioni (gia ndogo ya mota) ya meno 22 na gia kubwa ya meno 70, na uwiano wa gia za ndani wa 2.6: 70 gawanya kwa 22, mara 2.6, unapata 8.27. Maana yake mota inazunguka mara 8.27 kwa mzunguko mmoja wa tairi. Huo ni mpangilio mpole, mota haiungui, na unatosha kujifunza. Mota kali juu ya matairi yanayoteleza itakufundisha kuzunguka kama pia tu.

Fedha ya kwanza iende kwenye matairi laini ya mpira, yenye sifongo ndani. Matairi ya sandukuni ni magumu. Matairi ya mbio ya lami huuzwa kwa namba kama 24, 28, 32, 36 na 40. Namba kubwa ni kwa lami ya moto zaidi. Kwa jua la Dar anza na 36. Yagundishe kwenye rimu, la sivyo yatajivua: osha rimu na ukingo wa tairi kwa spiriti, livishe, vuta ukingo kidogo, tia tone la supaglu nyepesi, achia, songa robo ya mduara. Pande zote mbili, matairi yote manne. Kisha fagieni maegesho. Tunasema kwa dhati: nusu saa ya ufagio kwenye njia mnayopita huleta mshiko kuliko kifaa chochote cha bei hiyo, kwa sababu mchanga mwembamba unageuka gololi chini ya mpira.

Fedha ya pili ni beringi, kama sanduku lako lilikuja na bushi za plastiki. Kwenye magurudumu zinahitajika 8 za milimita 5 kwa 11 kwa 4. Bushi zikiingia vumbi hula ekseli, na gurudumu huanza kucheza.

Fedha ya tatu ni shokapu za mafuta. Masanduku mengi ya TT-02 huja na shokapu za msuguano, ambazo hazina mafuta; gari hudunda kila likipita ufa. Weka za mafuta, anza na silikoni ya 400 pande zote (namba kubwa ni mafuta mazito zaidi).

Kabla ya hayo yote, kagua bisibisi yako. Skrubu za Tamiya zina msalaba wa kipimo cha Kijapani, JIS. Bisibisi ya kawaida ya msalaba haikai hadi chini. Inateleza na kula kichwa. Na ukirudisha skrubu kwenye plastiki, izungushe kwanza kinyume hadi uhisi imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo uikaze. Usipofanya hivyo unachonga njia mpya kila mara, na baada ya mara nne tano tundu haliwezi kushika tena. Gundi ya kuzuia skrubu isilegee weka tu pale chuma kinapoingia chuma, kama skrubu za mota. Ikigusa plastiki huipasua.

Assalaam aleikum. Nashindana daraja la mota ya 17.5 (mizunguko ya waya ndani yake) bila taimingi ya kidhibiti, yaani kidhibiti cha umeme hakiruhusiwi kuiongezea mota kasi. Pinioni 50, gia kubwa 96, uwiano wa ndani 1.9. Baada ya dakika tano mota inafika digrii 95, na dakika ya mwisho gari linapungua kasi kabisa. Nimeongeza feni. Pia betri yangu moja imeanza kuvimba. (Msomaji, Muscat)

Wa aleikum salaam. Hesabu yako: 96 gawanya kwa 50, mara 1.9, ni 3.65. Kwa tairi la kipenyo cha milimita 63, gari linasonga milimita 54 kwa kila mzunguko wa mota. Hilo linawezekana kwenye uwanja mkubwa wenye mwendo mrefu wa moja kwa moja, jioni ya baridi. Kwenye joto lenu ni zito mno. Mota inapochelewa kufikia mizunguko yake hunywa umeme mwingi, umeme unageuka joto, na sumaku ikipata joto hudhoofika. Ndiyo maana unapoteza kasi dakika ya mwisho. Sumaku ikizidishiwa joto mara nyingi, sehemu ya nguvu hiyo hairudi hata ikipoa.

Weka pinioni ya 47: uwiano unakuwa 3.88, na mwendo kwa mzunguko milimita 51. Kimbiza dakika tano, pima mara tu gari likisimama, kwenye kopo la mota. Lengo lako liwe chini ya digrii 80. Ikiwa bado ni zaidi, toa jino moja jingine, au punguza taimingi ya kifuniko cha mota alama moja, lakini si vyote pamoja. Usishangae mzunguko wako ukipata nafuu: gari litatoka kwenye kona finyu kwa haraka zaidi, na mwisho wa njia ndefu utapoteza kidogo sana.

Kabla ya kulaumu gia, ondoa pinioni isishike na usukume gari kwa kidole mezani. Likisimama mara moja, kuna mkanda uliokazwa mno au beringi iliyokufa, na mota yako inalipa gharama hiyo. Ukirudisha pinioni, weka kipande cha karatasi nyembamba kati ya meno, sukuma mota, kaza skrubu, kisha zungusha gia utoe karatasi. Meno yaliyobana sana hupasha joto na hupiga kelele ya msumeno.

Kwa lami ya moto, mafuta ya shokapu nayo huwa mepesi. Kama mlikuwa mnatumia 400 usiku, mchana weka 450 au 500.

Betri iliyovimba usiichaji tena. Hakuna kipimo cha kuvimba kidogo. Zilizo nzima chaji kwa ampea sawa na ukubwa wake: ya mAh 6,000 kwa ampea 6, ikomee volti 8.40 kwa seli mbili. Ukirudi nyumbani ishushe hadi volti 3.8 kwa seli, na kamwe usiiache ndani ya gari lililofungwa juani. Betri iliyojaa ikikaa kwenye joto la namna hiyo ndiyo inayovimba kwanza.

Nina spuli mbele, yaani ekseli isiyo na difu (gia zinazoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka kwa kasi tofauti). Kona finyu gari linatetemeka kwa mbele na kukataa kugeuka. Niweke difu? (Msomaji, Mombasa)

Tazama kwanza shafti. Spuli huzungusha magurudumu yote mawili kwa mwendo mmoja, na shafti yenye kiungo kimoja hubadilisha kasi yake mara mbili kila mzunguko pale usukani unapogeuka sana. Huo ndio mtetemo. Shafti za viungo viwili kwa mbele huuondoa karibu wote. Kagua pia vipande vya plastiki vinavyovaa ncha za shafti ndani ya vikombe vya spuli. Vikiliwa upande mmoja, mtetemo unarudi hata kwa shafti mpya. Ni vya bei ndogo, weka akiba ya jozi mbili.

Difu ya mbele yenye mafuta mazito sana, kwa mfano 500,000, inakubalika kwenye uwanja wa kona finyu nyingi, ila utapoteza uthabiti wa breki. Ya nyuma ibaki ya gia, mafuta 5,000 hadi 7,000. Ukiyafanya mazito zaidi, tairi la ndani halitazunguka bure ukitoka kona, lakini mkia utakuwa mwepesi kuteleza ukibonyeza gesi. Mepesi zaidi hutuliza mkia. Ukiijaza, pima difu kwa mizani ndogo kabla na baada na uandike gramu za mafuta zilizoingia. Difu mbili zenye namba moja ya mafuta lakini ujazo tofauti hazifanani, na nyingi zinazovuja zilijazwa hadi ukingoni bila kuachiwa nafasi ya mafuta kutanuka yakipata moto.